Ubuyu mguu wa kushoto, alizeti mguu wa kulia: wiki tatu za mafuta ya mbegu Dodoma

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo sina krimu wala seramu. Nina chupa nne za mafuta ya mbegu hapa mezani, na moja kati ya hizo nimeitoa jikoni kwa mama bila kuaga, kwa hiyo twende haraka kabla hajaanza kuunga mboga.

Mnaoishi Dodoma mnajua mwezi wa saba ulivyo. Upepo, vumbi, baridi ya asubuhi, na ngozi inapauka dakika kumi baada ya kuoga. Mguu wangu ukiukwaruza kwa ukucha unaandika jina lako na linasomeka. Na kila niliyemlalamikia alinijibu neno moja: ubuyu. Paka mafuta ya ubuyu. Makovu yataisha, michirizi itaisha, uso utang'aa. Basi nikanunua, na sikununua chupa moja, nikanunua mbili kwa wauzaji wawili tofauti. Kila moja mililita 100, kila moja shilingi 15,000. Zote zimeandikwa mafuta asilia ya ubuyu asilimia mia.

Kwa wasiojua, mafuta haya yanatoka kwenye zile mbegu nyeusi tunazotema tukishamaliza kumumunya ubuyu. Tulizitupa utotoni mwetu wote, kumbe tulikuwa tunatupa hela. Bei inapanda kwa sababu mbegu ina ganda gumu kama kokoto na mafuta yaliyomo ndani ni kidogo, inabidi ukamue mbegu nyingi sana kujaza kichupa kama hiki.

Sasa angalieni. Jana usiku nimerudia jaribio nililolifanya nilipozinunua: niliziweka chupa zote mbili kwenye friji, chini, siyo kwenye barafu. Nimezitoa sasa hivi. Ngoja nizisogeze kwenye kamera. Hii ya kushoto mnaiona? Imeingia ukungu, imekuwa nzito, nikiinamisha inateremka polepole kama samli inayotaka kuganda. Hii ya kulia... inacheza kama maji. Safi, unaona vidole vyangu upande wa pili.

Mafuta ya ubuyu yana asidi ya palmitiki kwa wingi, karibu robo ya mafuta yote. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya mawese yagande kukiwa na baridi. Kwa hiyo ubuyu ukikaa kwenye friji usiku kucha unatakiwa uonyeshe dalili fulani. Mafuta ya alizeti yana palmitiki kidogo tu, ndiyo maana yenyewe hayajali friji. Mimi siyo maabara, na sijasema muuzaji wa chupa ya kulia ameniuzia alizeti yenye manukato. Nilimpigia simu kwa adabu kabisa, akaniambia, "Dada, hayo yamechujwa mara mbili, ndiyo maana hayagandi." Sawa. Lakini na harufu nayo? Hii ya kushoto inanukia kama karanga mbichi, harufu ndogo tu. Hii ya kulia inanukia waridi. Ubuyu una waridi wapi, jamani?

Kwa hiyo ya kulia nikaiweka pembeni, nikabaki na ya kushoto. Na hapo ndipo nikapata wazo la alizeti. Kama kuna uwezekano nililipa 15,000 kwa alizeti, si bora nijaribu alizeti yenyewe nijue moja? Lita moja ya alizeti ya Singida hapa kwetu nimenunua 7,000. Ina maana mililita 100 ni shilingi 700. Nikaanza jaribio: mguu wa kushoto ubuyu, mguu wa kulia alizeti, nusu kijiko cha chai kila mguu, kila asubuhi, wiki tatu.

Siku nne za mwanzo nilikosea. Nilikuwa nakausha mwili vizuri na taulo, navaa, halafu ndiyo napaka. Miguu inang'aa kama imepakwa rangi, lakini ukiinama unaona chini ya mng'ao mabaka ya kupauka yako pale pale. Mafuta hayana maji ndani yake, hayawezi kuipa ngozi maji. Kazi yake ni kufunika yaliyopo yasipotee na upepo. Siku ya tano nikabadilisha: nikitoka bafuni najifuta kidogo tu, ngozi bado ina unyevu, napaka hapo hapo. Tofauti niliiona siku ile ile. Kama kuna kitu kimoja utakachobeba kwenye video hii na usinunue chochote, beba hicho.

Matokeo sasa. Ubuyu unaingia haraka. Unapaka, unavaa suruali, unaondoka. Alizeti inachelewa, inabaki juu kama robo saa hivi, na shuka langu jeupe limepata ramani ya mguu wa kulia ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Wiki ya kwanza ningekuambia ubuyu umeshinda. Wiki ya tatu nikamwita jirani yangu, sikumwambia lolote, nikamwambia chagua mguu uliopakwa mafuta ya bei mbaya. Akaangalia, akagusa, akachagua wa kulia. Wa alizeti!

Na wala alizeti siyo ya kudharau. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali moja ya watoto Dhaka, Bangladesh. Watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko wasiopakwa. Ngozi ya njiti ni nyembamba mno, vijidudu vinapita, na yale mafuta yaliiongezea ulinzi. Halafu mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walipima mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima. Zeituni, ambayo sisi tunaipaka watoto kwa imani kubwa, ndiyo iliyodhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi. Alizeti haikuudhuru. Tofauti hiyo inahusishwa na asidi ya linoleiki, ambayo alizeti ya kawaida inayo nyingi na zeituni inayo kidogo. Ila mwenye mtoto njiti asikimbilie jikoni, wale walihudumiwa na wauguzi wodini. Muulize daktari wako kwanza.

Chupa ya nne, nyonyo. Hii nitaipitia haraka. Pwani na Kenya wanaiita mbarika. Ni nzito, inavuta kama asali, kwa sababu karibu asilimia 90 yake ni asidi moja, risinoleiki. Usoni mimi siitaki, inashika vumbi lote la Dodoma. Lakini kwenye magaga! Usiku, loweka miguu, sugua, paka nyonyo, vaa soksi. Asubuhi kisigino hakikwaruzi shuka. Ila anayekamua mwenyewe nyumbani aweke mbegu mbali na watoto, mbegu za nyonyo zina sumu kali. Inabaki kwenye mashudu, haiendi kwenye mafuta yaliyokamuliwa vizuri, lakini mtoto hatafuni mafuta, anatafuna mbegu.

Mmeniuliza sana kuhusu uso wenye chunusi. Mimi usoni nilipaka ubuyu matone mawili, usiku tu, na sikupata shida. Mdogo wangu alipaka ule ule, siku ya tatu paji la uso likajaa vipele vidogo vidogo. Kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya kiwiko siku mbili, halafu sehemu ndogo ya shavu. Na tafadhali, hakuna mafuta ya mbegu hapa mezani yanayokinga jua. Hakuna. Mwenye ualbino asidanganywe na mtu kwamba ubuyu unatosha. Kuna krimu ya kukinga jua, Kilisun, inatengenezwa Moshi kwa ajili yao, na kofia pana ni kofia pana.

Jambo la mwisho linalonikera ni hii lebo. Someni: "Vitamini C mara sita ya chungwa." Vitamini C iko kwenye ule unga mweupe wa ubuyu, unaoufanya uwe mchachu. Inayeyuka kwenye maji, haikai kwenye mafuta. Wamechukua sifa ya unga wakaibandika kwenye mbegu. Na hii ni ile chupa nzuri, ile iliyoganda! Mafuta yenyewe ya kweli, maneno juu yake ya uongo.

Nitaendelea na ubuyu? Kwa uso, ndiyo, kichupa hiki kitanifikisha mwezi wa kumi, nimekifunga kwenye kabati gizani kwa sababu mwanga unayaharibu, na siku yakinuka kama karanga za mwaka jana nayamwaga. Kwa miguu na mikono nimehamia alizeti, na nimenunua shuka la kahawia.

Ile chupa ya waridi nayo nimeipatia kazi. Mlango wa bafuni ulikuwa unalia usiku mpaka baba anaamka. Matone matatu kwenye bawaba. Sikilizeni... Umenyamaza. Haya, nakuja mama!