Mazoezi Tiba kwa Wachezaji Wenye Vyuma: Tathmini ya Kituo Kimoja cha Tanga

Katika timu zetu za mtaani hapa Tanga, mchezaji aliyevunjika mguu na kuwekewa chuma, yaani bamba linalokazwa juu ya mfupa kwa skrubu, husahaulika mara tu mshono unapopona, kisha hukumbukwa ghafla mashindano yanapokaribia. Mimi ni mlezi wa timu moja ya Ngamiani, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiwapeleka vijana wetu katika kituo binafsi cha mazoezi tiba kilichoko upande wa Chumbageni. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya ninayoyaandika ni malalamiko. Hukumu yangu ni kwamba kituo hiki kinamrudisha vizuri sana uwanjani mchezaji ambaye bado ana chuma mwilini, ila kinamwacha mkono yule aliyekwisha kukitoa.

Jambo la kwanza wanalodai ni picha mpya za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, na asiyekuwa nazo hurudishwa hospitali kabla hajapanda hata baiskeli ya mazoezi. Vijana hununa, kwa sababu wanaamini kwamba chuma kina nguvu kuliko mfupa na kwamba aliyewekewa amekwisha kupona. Mtaalamu wa pale huwaeleza kwa subira kwamba kazi ya bamba ni kuvishikilia vipande visicheze wakati mfupa ukijiunga wenyewe. Mfupa ukichelewa kuunga huku mwenyewe anakimbia, mzigo huangukia chuma, nacho hupinda na kunyooka kwa kiasi kisichoonekana katika kila hatua mpaka kinachoka na kukatika. Mfano anaoutumia ni wa Marc Márquez, bingwa wa mbio za pikipiki kutoka Hispania, aliyevunjika mkono wa juu wa kulia huko Jerez mwezi Julai 2020, akafungwa bamba, akapanda tena pikipiki ndani ya wiki hiyo hiyo, na mwanzoni mwa Agosti bamba likawa limeharibika na kulazimu apasuliwe upya. Hakurudi mashindanoni hadi Aprili 2021. Wachezaji wetu, ambao baadhi yao walivunjwa na bodaboda, huuelewa mfano huo haraka kuliko hotuba yangu yoyote.

Mfupa ukionekana umeunga, ndipo kazi yenyewe huanza, na hapa ndipo pesa yangu hainiumi. Hawaendi kwa kalenda peke yake. Mchezaji husimamishwa juu ya kisanduku kifupi cha mbao, akaambiwa, "Mwanangu, ruka, tua kwa mguu mmoja, ubaki hapo hapo nisikuone ukiyumba," na mtaalamu huchuchumaa pembeni akilitazama goti kama linaingia ndani. Kisha huambiwa aruke mbele kwa mguu mmoja, umbali ukapimwa kwa utepe wa fundi cherehani, wa mguu mzima na wa mguu wenye chuma, na mpaka ule ulioumia ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake, hakuna ruhusa ya kucheza mechi. Nimemwona beki wetu wa kulia, kijana mwenye kiburi chake, akishindwa jaribio hilo wakati mazoezini alikuwa anakimbia bila kuchechemea hata kidogo. Paja lake lilikuwa limenywea, na sisi sote tulikuwa tumelitazama bila kuliona.

Jambo jingine dogo lililonifurahisha linahusu njumu. Aliyewekewa bamba upande wa nje wa kifundo cha mguu huwa na vichwa vya skrubu vinavyokaribia ngozi, na ukingo wa kiatu husugua papo hapo mpaka panavimba. Mtaalamu alikata sponji kwa umbo la duara lenye tundu katikati, akaibandika ili kiatu kiegemee pembeni ya skrubu badala ya juu yake, na kijana akavaa njumu zile zile alizokuwa ameshaanza kuzitafutia mnunuzi. Sheria ya 4 ya soka inaruhusu vifaa laini vya kinga visivyo hatari, na ndiyo maana Petr Cech, kipa wa Chelsea wakati huo, aliyewekewa mabamba kwenye fuvu baada ya kuumia Oktoba 2006, alirudi golini Januari 2007 akiwa amevaa kofia ya sponji. Hata hivyo, nashauri mwamuzi aoneshwe kabla ya mechi.

Malalamiko yangu yanahusu kutoa chuma. Mmoja wa vijana wetu alitolewa bamba la kigasha, akaenda kituoni, akaambiwa kwamba kidonda kikikauka arudi dimbani. Sikuridhika. Skrubu zinapotoka huacha matundu, na hadi yatakapojaa mfupa mpya, mkono unaweza kuvunjika tena kwa anguko ambalo kwa kawaida lingemwacha mtu na michubuko tu. Ndiyo maana madaktari wa mifupa huzuia michezo ya kugongana kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi 3 au 4, kutegemea mfupa wenyewe. Nilimrudisha kwa daktari aliyempasua, naye akamzuia. Kituo kinachodai eksirei kwa ukali wakati chuma kimo ndani hakina sababu ya kulegea chuma kikishatoka.

Bei ya kikao kimoja inakaribia ile ya jozi ya njumu za mtumba pale sokoni, na hawaandiki barua kwa daktari isipokuwa ukiidai, kwa hiyo idai. Nenda asubuhi, kwa sababu jioni foleni hujaa na mtaalamu hubaki na dakika chache kwa kila mtu. Chukua karatasi ya hospitali inayoeleza aina ya upasuaji, na mchezaji avae bukta, maana suruali ya jinzi humrudisha nyumbani bila kupimwa.