Amplifaya ya kitanzi cha usikivu: angalia ampea, wati ziache

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nina amplifaya ya kitanzi cha usikivu, aina ya mkondo thabiti, yenye uwezo wa 5 A. Inasukuma sauti kwenye waya uliozungushwa chumbani, waya unatoa uga sumaku, na mwenye kifaa cha kusaidia kusikia anakiweka kwenye T, yaani mpangilio wa kupokea uga huo. Anamsikia msemaji kama yuko sikioni pake, bila mwangwi wala kelele za viti.

Wanunuzi wengi huuliza wati. Ulizeni ampea. Chumba cha mita 10 kwa 8, waya ukiwa sakafuni, kinahitaji takriban 4 A kufikia nguvu ya uga ya 400 mA/m (miliampea kwa mita), inayotakiwa na IEC 60118-4, kiwango cha kimataifa cha vitanzi vya usikivu. Kwa hiyo hii inatosha, mradi sakafu haina nondo nyingi. Nondo hunyonya uga, hasa sauti nyembamba, na hapo 5 A zinaweza zisifike popote.

Msijaribu kutumia amplifaya ya spika. Kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo kitanzi kinavyoupinga mkondo zaidi, kwa hiyo f, s na sh hufifia. Msikilizaji hatofautishi tena “fika” na “shika”. Ya mkondo thabiti hurekebisha hilo yenyewe.

Sasa waya. Kabla hujapigilia hata msumari mmoja, zunguka chumba na kipokezi cha kitanzi masikioni, taa na feni zote zikiwa zimewashwa. Ukisikia mngurumo wa umeme, tafuta chanzo kwanza. Mara nyingi ni swichi ya kupunguza mwanga, au waya wa moto na wa nyutro vilivyopitishwa njia tofauti. Amplifaya haiondoi mngurumo huo, hata iwe ya bei gani.

Mzunguko wa chumba chetu ni mita 36. Kwa waya wa shaba wa 1.5 mm², ukinzani ni kama omu 0.4. Mashine hii inataka angalau 0.5, lakini ukiongeza waya wa kwenda na kurudi kwenye amplifaya, mita 10 kila upande, unafika 0.6, uko salama. Kipande hicho cha kwenda na kurudi lazima kisokotwe vizuri, la sivyo nacho kitatoa uga mahali usipoutaka. Kitanzi chenyewe kipite sakafuni au darini, kamwe kisipite usawa wa masikio ya waliokaa. Na kiwe mbali na nyaya za maikrofoni: zikienda sambamba, mfumo mzima huanza kupiga mlio.

Kwenye mikseri, chukua sauti kutoka njia isiyotegemea kitelezi cha spika, ili fundi akipunguza spika wenye vifaa wasipoteze hotuba. Maikrofoni iwe karibu na mdomo. Ikiwa mbali, uga utakuwa na nguvu lakini utabeba mwangwi tu.

Kurekebisha kuna mpangilio, na mpangilio huo usigeuzwe. Anza na ingizo: mtu aongee kawaida, pandisha hadi taa ya mbano (inayoonyesha mashine imeanza kubana sauti kubwa) ianze kumetameta, uache hapo. Kisha ndiyo ugeukie mkondo wa kitanzi, mita ya uga ikiwa urefu wa mita 1.2, usawa wa kichwa cha aliyekaa. Pima katikati, pembeni, na safu ya nyuma. Mwisho linganisha 100 Hz na 5 kHz dhidi ya 1 kHz. Tofauti isizidi desibeli 3. Sauti nyembamba zikipungua, pandisha kitufe cha kufidia chuma, kidogo kidogo.

Kwa chumba kimoja kinachojitegemea, mashine hii naikubali kabisa. Kwa vyumba viwili vilivyopakana, hapana: uga huvuka ukuta, na wa chumba cha pili watasikia mkutano usio wao. Huko panahitajika vitanzi viwili vilivyopishanishwa awamu (mikondo yake haipandi na kushuka kwa wakati mmoja), pamoja na amplifaya yenye njia mbili.