Bourbon ipi ununue, na Jack Daniel's inakaa wapi

Wakuu, ukiingia duka la vinywaji utakuta Jameson, Red Label, Jack Daniel's na Jim Beam zote zimebanana rafu moja, ukimuuliza muuzaji tofauti anakwambia "hii kali kidogo bosi, hii laini", basi umeishia hapo. Sasa kabla sijakupangia za kununua tuelewane kwanza bourbon ni kitu gani, maana ukishajua hilo lebo yenyewe itakusaidia kuliko muuzaji.

Bourbon ni whisky ya Marekani. Sio lazima itoke jimbo la Kentucky, japo nyingi sana zinatoka huko. Sheria yao inataka angalau 51% ya nafaka iwe mahindi, ilazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani, alafu hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha yoyote, ni maji tu ya kushushia nguvu. Hapo kwenye pipa jipya ndo penyewe. Pombe ikitoka mtamboni ni nyeupe pee, ile rangi ya kahawia na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua vinatoka kwenye mbao, na kuna viwanda vinachoma pipa mpaka mbao inapasuka vigaegae, wenyewe wanaita ngozi ya mamba. Pipa likishatumika mara moja halilazi tena bourbon, linauzwa, na mengi yanaishia Scotland na Ireland kulaza whisky za kule. Kwahiyo Scotch nyingi, yaani whisky za Scotland, ni kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili, sio mbaya hata kidogo, ila inataka muda mrefu ndo ikolee.

Ndo maana mtu akikutambia kwamba Scotch yake ina miaka 12 na bourbon yako ina 4 wala usiumize kichwa. Kentucky kiangazi kina joto la kweli na baridi yake nayo ni ya kweli, pombe inaingia kwenye mbao na kutoka, inaiva haraka. Ikikaa kupita kiasi unaanza kunywa mbao. Neno la kutafuta kwenye lebo ni Straight, maana yake imelala miaka 2 au zaidi, na kama haijafika 4 ni lazima waandike umri wake.

Nyingine kwa haraka. Scotch lazima ilale Scotland miaka 3 kwenda juu, inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli, na ile single malt inatokana na kimea cha shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja. Jameson ya Ireland inakenekwa, yaani inapitishwa mtamboni, mara tatu, ndo ule ulaini wanaousifia watu. Jack Daniel's yenyewe ina mahindi 80% na pipa jipya, karibu kila kigezo cha bourbon inacho, ila kabla haijaingia kwenye pipa inachujwa kwa mkaa wa mti wa mepo, na wenyewe wanataka iitwe Tennessee whiskey, kwa jina la jimbo lao, basi. Ukiipenda Jack, bourbon haitakushinda. Alafu kuna zile za bei chee, nyingi kutoka India, zimeandikwa whisky wakati ndani ni spiriti ya molasi ya miwa, Ulaya haziruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Sio zote za India lakini, Amrut single malt ni chupa ya heshima.

Haya, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Maker's Mark, hasa kama umetokea kwenye Jameson. Wengi kwenye bourbon wanaongezea rai, nafaka yenye ukali wa pilipili pilipili hivi, hawa badala yake wanatia ngano, kwahiyo inashuka kwa upole japo kilevi chake ni 45%. Mwaka 2013 walitangaza kuishusha mpaka 42% ili itoshe soko, wateja wakawaka, siku chache tu wakarudisha. Mimi kampuni inayoogopa wateja wake naipenda.

Ya pili Wild Turkey 101, na kusema ukweli kwa hela yangu ningebeba hii, sema 50.5% sio ya kumpa anayeanza. Uzuri wake ukitia barafu haipotei, ikiyeyuka bado unasikia kinywaji, wakati za 40% nyingi barafu ikiyeyuka unabaki na maji yenye kumbukumbu. Tia Stoney Tangawizi na ndimu uone, tangawizi na ule ukali wa rai vinaelewana sana.

Buffalo Trace naiweka ya tatu, tamu, haina fujo, ila soma chupa maana imewahi kutoka za 40% na za 45% kutegemea soko, na ukiuziwa ya 40 kwa bei ya 45 umepigwa.

Jim Beam lebo nyeupe ni ya nne kwa unywaji wa kavu, ila kama unachanganya na koka, ipande iwe ya kwanza. Imelala miaka 4, bei haitishi, na ukiwa na wageni kumi nyumbani hakuna sababu ya kuwamiminia ya gharama ambayo koka itaifunika. Angalia tu usichukue ile ya asali ukidhani ni ile ile, hizo za asali, pamoja na ile ya Jack, zimeongezwa ladha na nguvu yake iko chini ya 40%, ni likwa.

Woodford Reserve ya mwisho. Sio mbaya jamani, chupa yake ndo inang'aa kuliko zote, kama ni zawadi ya mkwe beba, ila ukilipia kinywaji chenyewe Wild Turkey inakupa zaidi kwa pesa kidogo.

Kama una ndugu anakuja kutoka Marekani mwagize Evan Williams Bottled-in-Bond, lebo nyeupe. Hilo neno limetokana na sheria ya 1897, enzi hizo wajanja walikuwa wanaipa whisky rangi kwa juisi ya tumbaku, serikali ikasema ukitaka kuandika hivyo iwe ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, ilale angalau miaka 4, itoke na 50%. Kule ni ya bei ya kawaida kabisa.

Ukinunua Bongo, skani stempu kwa app ya TRA ya Hakiki Stempu hapo hapo dukani kabla hujalipa, na muuzaji akianza kununa we rudisha chupa kwenye rafu.