Uzoefu wangu: CSO anapokaa darasani mpaka somo liishe

Nafundisha madarasa ya chini katika shule ya msingi ya umma huko Kinango, Kaunti ya Kwale. Huduma ninayoitolea maoni hapa walimu wengi wa Kenya wameipitia, ingawa ni nadra kusikia mtu akiieleza: kutembelewa darasani na CSO (Curriculum Support Officer), yule afisa wa mtaala anayewasaidia walimu wa shule za eneo lake, ambaye wazee wa kazi bado wanamwita kwa jina la zamani, TAC tyuta. Mimi niliijua vizuri kupitia Tusome, mpango wa kusoma ulioanza mwaka 2015 katika shule za umma nchi nzima chini ya Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani. Ukiniuliza ni kitu gani kimenisaidia zaidi kazini, kati ya semina, vitabu na vishikwambi, nitakwambia ni mtu aliyekaa nyuma ya darasa langu, akasikiliza somo zima, kisha akarudi tena baadaye kuona kilichobadilika. Na hilo la kurudi nalisisitiza kwa sababu nimeona huduma hii ikitolewa bila hilo, na haikuwa na faida.

Kwa ambaye hajawahi kutembelewa, mambo huenda hivi. Afisa anapita kwa mwalimu mkuu, anaingia darasani, anakaa nyuma na kishikwambi chake. Hakatizi somo. Anaangalia kama sauti ya herufi ya siku hiyo imefundishwa, kama mwalimu ameonyesha kwanza, akafanya pamoja na watoto, kisha akawaacha wafanye wenyewe, maana hiyo ndiyo njia ya mwongozo wa Tusome. Somo likiisha anachagua watoto watatu, na si wale ambao mwalimu angewapeleka mbele kwa fahari. Kila mmoja anasoma kifungu kifupi kwa dakika moja huku afisa akihesabu maneno. Mwisho mnakaa pamoja, mwalimu na afisa, mnazungumza. Kwetu mazungumzo hayo yalikuwa chini ya mwarobaini, watoto wakiwa mapumzikoni.

Viwango vilivyotumika katika Tusome vilikuwa vya kitaifa: mtoto anayesoma kwa ufasaha alitarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mzazi mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba Kiswahili kimedharauliwa kwa kupewa namba ndogo. Sivyo. Neno letu moja kama “hawakutuona” limebeba kile ambacho Kiingereza kinahitaji maneno matano kukisema (“they did not see us”), kwa hiyo maneno 45 ya Kiswahili ni kazi kubwa kwa mtoto wa Gredi ya 2.

Sasa nieleze ziara iliyonifanya niiamini huduma hii. Darasa lilikuwa limesoma hadithi kwa sauti moja, bila kukwama, mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Afisa akachukua watatu wake. Wa kwanza akasoma vizuri, wa pili polepole lakini kwa uhakika. Wa tatu akaisema hadithi yote, neno kwa neno, macho yakiwa kwenye picha. Afisa akafunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati ya ukurasa. Mtoto akanyamaza. Alikuwa ameikariri hadithi kutoka kwa wenzake, na katika ile sauti ya pamoja hakuna sikio ambalo lingemtambua.

Afisa hakuniambia nimefanya vibaya. Aliniuliza swali moja: “Mwalimu, mtoto huyu unamsikia peke yake siku gani?” Tukakaa na orodha ya majina tukaigawa kwa safu, ili kila siku safu moja isome mtu mmoja mmoja wakati wengine wanaandika imla au wanasomeana wawili wawili, na ikifika Ijumaa kila mtoto awe amesikika. Hakunipa jambo la pili wala la tatu. Niliandika hilo moja, naye akaliandika kwenye kishikwambi chake, na aliporudi alianza na lile lile. Akamwita yule yule mtoto. Safari hii alisoma silabi kwa silabi, akakwama kwenye “mb” na “nyw”, lakini alikuwa anasoma maandishi yenyewe. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha mbele ya mgeni.

Nimeieleza hadithi hiyo kwa urefu kwa sababu watu wakizungumzia huduma hii huisema kana kwamba ni ya mwalimu tu. Mtoto yule hakujua CSO ni nani. Kilichobadilika kwake ni kwamba sasa anaitwa jina, anasoma, anasikilizwa, anarekebishwa palepale.

Kuna jambo jingine ambalo afisa anayejua eneo hulifanya, nalo halipatikani kwa semina ya Nairobi. Watoto wetu nyumbani wanazungumza Kiduruma. Mtoto anaona “jua” anasoma “dzuwa”, anaona “macho” anasema “matso”. Mwalimu mgeni huweka alama ya kosa, na mtoto huyo huyo anaanza kuogopa kitabu. Afisa wetu alilihesabu neno hilo kuwa sahihi, akanieleza kwamba katika upimaji wa kusoma, matamshi ya lugha ya nyumbani si kosa. Mtoto ameyaona maandishi, ameyafumbua, amepata maana. Kiswahili sanifu kitakuja kwa kukisikia na kukizungumza. Tangu hapo nauliza maswali ya ufahamu kwa Kiswahili, na anayekwama namruhusu ajibu kwa Kiduruma kwanza. Sera ya Kenya yenyewe inakubali lugha ya eneo katika madarasa ya chini, lakini sera hiyo sikuwahi kuiona ikifanya kazi mpaka nilipokaa na mtu aliyenionyesha ndani ya somo langu mwenyewe.

Upande wa pili pia niuseme. Shule moja niliyofundisha zamani, ziara ilikuwa ni kutia sahihi kitabu cha wageni, kupiga picha darasani na kuondoka kabla ya hadithi kusomwa. Walimu tukajifunza kuandaa somo la maonyesho: somo la wiki iliyopita linarudiwa, watoto wepesi wanaketishwa mbele, majibu yote wanayo. Ziara ya namna hiyo inamchosha kila mtu na haimsaidii yeyote. Hofu ndiyo huleta hayo. Mwalimu akidhani kila kinachoonekana darasani kitaingia kwenye tathmini ya utendaji, hatakuonyesha mahali anapokwama. Ningependa sana mazungumzo ya baada ya somo yalindwe, yabaki ya mwalimu na afisa wake.

Umbali nao ni tatizo la kweli. Huku kwetu shule ziko mbalimbali, barabara ni ya vumbi kiangazi na ya matope masika, na afisa mmoja ana shule nyingi juu ya kazi nyingine anazotumwa. Shule zilizo kando ya lami hutembelewa mara nyingi zaidi. Bila nauli na mafuta huduma hii yote ni maneno matupu, na yeyote anayepanga bajeti ya elimu aanzie hapo kabla ya kununua vifaa vipya.

Wengine hupendekeza tuachane na safari na kusaidiana kwa simu. Nilipokuwa nasomea shahada wakati wa likizo nilikutana na tafiti za Afrika Kusini zilizonipa picha nzuri. Katika mkoa wa North West, shule 50 zilipata mafunzo ya pamoja kituoni na nyingine 50 zikapata mkufunzi anayewafuata walimu darasani, wote wakiwa na mipango ya masomo na vitabu vile vile. Faida katika kusoma kwa watoto ilikuwa karibu mara mbili kwa wale waliofuatwa darasani. Baadaye, huko Mpumalanga, wakalinganisha mkufunzi wa ana kwa ana na wa simu na kishikwambi. Baada ya miaka mitatu, watoto wa walimu waliotembelewa walikuwa wamesonga mbele katika kusoma Kiingereza, na wa upande wa simu hawakuonyesha hatua hiyo ya kusoma. Nakubaliana nao kwa ninayoyaona. Kundi letu la WhatsApp ni zuri kwa kutumiana kadi za silabi na kukumbushana tarehe, lakini halimwoni mtoto anayetazama picha.

Walimu kwa walimu ndio njia ninayoiona ina tumaini pale afisa asipofika. Ndugu zetu wa Tanzania wana MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya ya kujifunza kujadili masomo yao wenyewe. Sisi tumeanza kidogo: mwenzangu wa Gredi ya 3 anakuja kukaa nyuma ya darasa langu, nami naenda kwake. Mwalimu mkuu akikubali kupanga ratiba, haigharimu shilingi.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu Tusome iliishia Gredi ya 3. Mtoto akiingia Gredi ya 4 anakutana na sayansi na masomo ya jamii kwa Kiingereza, na mwalimu wake hana wa kumketia nyuma. Walimu wa sekondari ya chini, iliyoanza Januari 2023, wengi wao walioanza kama vijana wa mafunzo ya kazi, wanaihitaji pengine kuliko mimi.

Kama unatembelewa kwa mara ya kwanza, fundisha somo la siku hiyo kama lilivyo kwenye mwongozo, hata kama ndilo gumu. Usiwahamishe watoto viti. Mwambie afisa mapema ni wapi unataka akuangalie, mfano namna unavyouliza maswali, au watoto wa safu ya nyuma. Baada ya somo omba jambo moja tu la kufanyia kazi, uliandike kwa maneno yako mwenyewe, na mkubaliane tarehe ya kurudi kabla hajavaa helmeti ya pikipiki.