Ladha sita kwa paka mmoja mwenye maringo: uzoefu wangu

Bi Mkubwa alinusa, akaanza kukwangua sakafu kando ya bakuli kwa mguu wa mbele, vile vile anavyofukia haja yake kwenye mchanga, kisha akanipa mgongo. Kwenye bakuli kulikuwa na "kuku kwa asali na boga", pakiti ambayo picha yake tu ilinitia njaa mimi.

Nilikuwa nimeagiza sanduku la majaribio baada ya miezi miwili ya kumwaga chakula kila asubuhi. Ndani mna ladha sita: jodari, kuku mtupu, sungura, kondoo, ini la ng'ombe na hiyo ya asali. Kila ladha inakuja kwa namna mbili, mfuko wa punje kavu na vifuko vya chakula laini chenye mchuzi. Nimelitumia kwa wiki tatu. Nina paka mmoja wa miaka saba, kilo nne na ushei, mlaji wa kuchagua tangu nimjue, na mbwa mmoja, Sajenti, ambaye hakualikwa kwenye jaribio ila alijialika.

Nianze na asali, maana ndiyo iliyonifanya nianze kusoma badala ya kulaumu. Paka haonji sukari. Si kwamba haipendi, hana kitu cha kuionjea. Kipokezi cha utamu huundwa na protini mbili, na kila moja ina jeni yake. Mwaka 2005 watafiti wa Monell Chemical Senses Center, Philadelphia, walionyesha kwamba mojawapo ya jeni hizo, Tas1r2, ina pengo kwa paka: herufi 247 za DNA yake zimenyofoka, kwa hiyo kipokezi hakiundiki. Simbamarara na duma waliochunguzwa wana pengo hilohilo. Utaniuliza, mbona wako paka wanaolamba aiskrimu? Wanafuata mafuta na maziwa. Sukari iliyomo kwao ni kama haipo.

Kwa hiyo neno "asali" kwenye pakiti limeandikwa kwa ajili ya mtu anayelipa. Silichukulii kuwa uongo, asali imo kweli kwenye orodha ya viungo, lakini ni sawa na kumpigia kiziwi ngoma na kumuuliza kama ameupenda mdundo. Kilichomkera zaidi, nadhani, ni kwamba boga lilichukua nafasi ya nyama, na harufu ya nyama ikafifia.

Baada ya hapo niliacha kukisia, nikapima. Mabakuli mawili yanayofanana, gramu 40 za ladha moja huku na gramu 40 za nyingine kule, dakika ishirini, kisha mizani ya jikoni. Kesho yake ladha zilezile, ila nabadilisha upande, kwa sababu yuko mnyama anayekwenda bakuli la kushoto kwa mazoea tu. Watengenezaji wa chakula cha wanyama hupima upendeleo kwa mabakuli mawili namna hiyohiyo. Raha yake ni kwamba paka hawezi kukudanganya kwa adabu.

Jodari alishinda wiki ya kwanza bila ubishi. Siku moja Bi Mkubwa alikula gramu 33 za jodari na saba za kuku, siku iliyofuata, pande zikiwa zimegeuzwa, 35 kwa sita. Hili nalo lina maelezo yake. Paka anaonja ile ladha nzito ya nyama iitwayo umami, lakini kipokezi chake hakifanyi kazi kama chetu. Kwetu glutamati, mojawapo ya asidi za amino (vijenzi vya protini), ndiyo inayokiwasha. Kwa paka zinazokiwasha ni nyukleotidi, molekuli zilizomo ndani ya seli za nyama, halafu asidi za amino zinakuja kukoleza. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya Waltham ya Uingereza walieleza jambo hili, wakaona paka wanapenda hasa mchanganyiko wa inosini monofosfati (nyukleotidi) na histidini (asidi ya amino). Jodari ana vyote viwili kwa wingi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu: kumbe miaka yote ile, nikifungua kopo la samaki wangu huku yeye analia miguuni, ulimi wake ulikuwa unaitika.

Hata hivyo ulimi wenyewe si wa kutisha. Una vinundu vya kuonjea kama 470. Mbwa ana takriban 1,700, na sisi kama 9,000. Sehemu kubwa ya uamuzi wa paka inapita puani kabla ulimi haujaguswa, na hapo ndipo sanduku hili lilipong'ara, kisha likaniudhi.

Liling'ara kwenye vifuko vya chakula laini. Ukikifungua kimoja, harufu inajaza chumba, na ukikipasha kidogo ndiyo balaa. Siku ya tatu nilitoa nusu ya kifuko cha kondoo kwenye friji, nikamwekea hivyohivyo. Alinusa, akakaa, akanitazama. Nikatia kifuko kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, nikakoroga, nikahakikisha kwa kidole kwamba ni vuguvugu tu. Akamaliza. Chakula kilekile, kifuko kilekile, tofauti ni joto. Chakula kikikaribia joto la mwili wa kiumbe hai, harufu inapanda, na mwindaji aliyezoea kula mawindo yangali moto hana haja ya kushawishiwa. Maikrowevu siipendi kwa kazi hii, inaacha madonge yanayounguza ulimi katikati ya chakula baridi. Maelekezo ya sanduku hayasemi neno juu ya kupasha, wala kwamba baridi inaweza kuiangusha ladha nzuri. Sentensi moja tu ingetosha.

Kilichoniudhi ni punje kavu. Zisugue kwa vidole utaona zinaacha unga wenye mafuta. Huo ndio ladha. Punje yenyewe ikitoka kiwandani haina mvuto mkubwa, kwa hiyo hunyunyiziwa mafuta pamoja na ini au nyama iliyovunjwavunjwa kwa vimeng'enya. Kwa maneno mengine, ladha unayoinunua imekaa juu ya ngozi ya punje, na mafuta hayo yakipigwa na hewa yanaharibika. Sasa mifuko ya sanduku hili haina zipu. Unakata kwa mkasi, basi. Siku ya tisa Bi Mkubwa aliyakataa mapunje ya jodari aliyokuwa akiyagombania siku ya pili, na nilipoinusa mifuko nikamwelewa. Niliwaandikia. Mtu wa huduma kwa wateja alijibu kesho yake, kwa lugha nzuri, akanishauri nihamishie kwenye kopo. Ushauri wenyewe si mbaya, ila kwa bidhaa inayouza ladha, kumwachia mnunuzi kazi ya kuilinda ladha ni uzembe. (Ukitumia kopo, tumbukiza mfuko mzimamzima. Ukimimina punje, mafuta ya zamani yanabaki ukutani na kuharibu yanayofuata.)

Lakini jambo lililonikasirisha hasa ni kikaratasi. Katikati ya sanduku kuna kijikaratasi chenye rangi nzuri kinachosema mnyama akikataa ladha mpya, mwondolee kila kitu kingine, njaa itamfundisha. Kwa mbwa mzima mwenye afya, kususa mlo mmoja si msiba. Kwa paka huo ni ushauri wa hatari. Paka asipokula kwa siku mbili tatu, hasa mnene, mwili unaanza kuyasukuma mafuta kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliimudu, na ugonjwa huo unaua. Paka hajui kwamba anafundishwa. Anaweza kugoma mpaka alazwe. Paka wako akikaa siku nzima bila kutia kitu mdomoni, mwite daktari wa wanyama, na kikaratasi kitupe. Hilo nalo niliwaandikia. Sijajibiwa.

Kuna sababu nyingine ya kutomlazimisha. Paka ana vipokezi vya uchungu vinavyofanya kazi barabara, na kumbukumbu yake ya chakula kilichomdhuru ni ndefu. Miaka mitatu iliyopita nilimfichia Bi Mkubwa kidonge ndani ya dagaa. Kidonge kilikuwa kichungu, naye siku hiyo tayari alikuwa na kichefuchefu. Mpaka leo dagaa hatii mdomoni, na hata bakuli lile la bluu nililazimika kulistaafisha. Ukimlisha ladha mpya siku ambayo tumbo lake halijatulia, ladha hiyo ndiyo itakayobeba lawama. Kwa hiyo nilipoona siku ya kumi na moja ametapika donge la manyoya, nilisimamisha jaribio siku mbili, nikarudi kwenye chakula chake cha zamani.

Kuhusu ule "uchaguzi" wake wa kudumu, sehemu ni malezi. Kinachopita kwa mama wakati wa mimba na kwenye maziwa ndicho kinachomfunulia mtoto wa paka chakula ni nini. Mimi nilimchukua akiwa mdogo, nikampa punje za aina moja kwa miaka, halafu nashangaa kwamba nyama laini ya vipande aliichezea kwa ukucha kabla ya kuila.

Wiki ya tatu ilileta jambo ambalo sikulitarajia. Sungura, ambaye wiki ya kwanza alikuwa wa tatu kwa mbali, alianza kumkaribia jodari, na siku za mwisho akampita. Nilisoma lebo. Kwenye sanduku hili sungura ana protini na mafuta zaidi kuliko jodari, ambaye ametiwa wanga mwingi kidogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa paka vyakula vyenye ladha ya samaki, ya sungura na ya chungwa. Mwanzoni paka walifuata ladha, samaki mbele, chungwa nyuma. Baada ya muda wakawa wanafuata uwiano wa protini na mafuta, ladha iwe ipi. Sitaki kusema Bi Mkubwa anasoma lebo, na paka mmoja jikoni si utafiti. Huenda pia alimchoka jodari, paka huchoka. Lakini kipimo cha siku tatu, ambacho sanduku linapendekeza, kingenifanya nimnunulie jodari mwaka mzima.

Sajenti sasa. Yeye alifika kwenye asali na boga kabla sijaiondoa sakafuni na bakuli likabaki kama limeoshwa. Mbwa anaonja utamu vizuri. Kipokezi ambacho paka amekipoteza, yeye bado anacho, na babu zake hawakukataa matunda yaliyoanguka. Nilijaribu kumpima naye kwa mabakuli mawili, nikaona upuuzi: gramu zilizobaki zilikuwa sifuri huku na sifuri kule. Kwa mlaji wa aina hiyo angalia bakuli analoliendea kwanza, usiangalie linalobaki. Alikwenda kwenye ini mara saba kati ya nane. Tahadhari moja kwa wenye mbwa wapenda tamu: pipi na bazoka zisizo na sukari huweza kuwa na zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo huiangusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kuliua ini lake. Ulimi wake hautamwonya.

Na kama mnafuga wote wawili kama mimi, mbwa kuiba chakula cha paka ni hasara na unene. Paka kuishi kwa chakula cha mbwa ni jambo zito zaidi, kwa sababu paka anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, kutoka kwenye chakula. Mwaka 1987 ilibainika kwamba upungufu wake ulikuwa ukiwafanya paka kuvimba moyo, na upofu uliokuwa umejulikana kabla ya hapo ulitoka chanzo hichohicho. Vyakula vyote vya paka kwenye sanduku hili vimeandikwa taurini, na hapo sina lawama.

Nimelipa nyota tatu kati ya tano. Moja imeondoka kwa mifuko isiyo na zipu, moja kwa kikaratasi. Ningelinunua tena, kwa vifuko vya chakula laini na kwa sungura, na ningewaomba waache kuuza ladha zote sita kwa pamoja, maana asali na boga hapa ina mteja mmoja tu, naye hubweka. Kondoo ni wa wastani, sina la kuongeza. Ini lina harufu kali, fungua dirisha.

Ninapoandika haya Bi Mkubwa amekaa mbele ya bakuli la sungura vuguvugu ambalo tayari amelila robo tatu. Anangoja lile lililobaki lipashwe tena.