Viza ya Schengen kwa mtalii: utaratibu uko wazi, ada ni nzito

Viza hii ni ya kuingia nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen. Tangu Juni 2024 mtu mzima hulipa yuro 90, na hazirudi hata ukinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo 15, maana uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya matibabu ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, tena ianze siku ile ile ya kutua. Ikipelea hata siku moja, faili lina dosari.

Panapowaangusha wengi ni taarifa ya benki. Fedha nyingi zikiingia ghafla wiki moja kabla ya kuomba, bila maelezo, afisa hushuku ni za kuazima. Ambatanisha hati za mshahara au leseni ya biashara, majina yafanane na ya pasipoti herufi kwa herufi.