Maziwa yapi ununue ukikwepa sukari: yamepangwa kuanzia bora

Ukisoma lebo ya maziwa ya kawaida utakuta karibu gramu 5 za sukari kwa kila mililita 100. Wengi hushtuka hapo, wakarudisha pakiti rafuni na kuchukua mtindi wa stroberi wenye sukari mara mbili yake. Hizo gramu 5 ni laktosi, sukari ya maziwa yenyewe, na zimo hata kwenye yaliyokamuliwa alfajiri ya leo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kupunguza sukari mwaka 2015, halikuihesabu laktosi ya maziwa. Linataka tupunguze ile inayoongezwa kiwandani, jikoni na mezani.

Basi shika hiyo 5 iwe kipimo chako. Ukiona mtindi umeandikwa gramu 11 kwa 100, toa 5: zile 6 zilizobaki, au zaidi kidogo, zimetiwa. Kisha soma orodha ya viambato. Maziwa halisi yana kiambato kimoja, na mtindi halisi una maziwa na bakteria wa kuyagandisha tu.

1. Maziwa freshi ya ng'ombe

Glasi ya mililita 250 ina gramu 12 hivi za laktosi na gramu 8 za protini, na laktosi hupandisha sukari ya damu taratibu kuliko sukari ya mezani. Kwa bei yake, sijaona cha kuyashinda. Usilipe zaidi kwa yaliyoondolewa mafuta ukidhani yameondolewa na sukari. Kilichotoka ni mafuta tu, na sukari yake hata huzidi kidogo. Ya boksi yanayokaa bila friji yana sukari ileile. Pale unalipia urahisi wa kuyaweka kabatini. Ya kupimiwa na muuzaji wa baiskeli ni nafuu, ila lazima yachemke vizuri, maana maziwa mabichi hubeba brusela, ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo, na hata kifua kikuu. Na kama muuzaji ameongeza maji, sukari imepungua kweli, lakini protini nayo imeondoka na pesa yako pia.

Ya mbuzi na ya ngamia yanakaa humuhumu. Nayataja ya ngamia kwa sababu maziwa yanayotoka Isiolo kwenda Eastleigh, Nairobi, mara nyingi husifiwa kuwa hayana sukari na yanaponya kisukari. Laktosi yanayo, karibu sawa na ya ng'ombe. Kunywa ukiyapenda, lakini usiache dawa.

2. Mtindi usiotiwa sukari

Maziwa lala, mgando, uite utakavyo. Bakteria wamekula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ndiyo maana ni mchachu. Kwa anayejaa gesi au kuharisha akinywa maziwa, huu ungekuwa namba moja. Maziwa yaliyoandikwa hayana laktosi nayo humfaa, ila ajue hayajapungua sukari: kimeng'enya (enzaimu) kimeikata laktosi vipande viwili, na ndiyo maana yana utamu zaidi mdomoni.

3. Maziwa ya unga

Lebo itakuonyesha gramu 38 za sukari kwa 100 na utataka kukimbia. Usikimbie, hiyo ni hesabu ya unga mkavu. Gramu 30 zikikorogwa kwenye glasi ya maji zinarudi kwenye gramu 11 au 12 zilezile. Hatari iko kwa jirani yake rafuni, unga mweupe wa kuwekea chai. Kopo linafanana, rangi inafanana, na hata bei haiachani sana, lakini ukisoma viambato unakuta sharubati ya glukosi kwanza, kisha mafuta ya mimea. Maziwa yamo kidogo mno, na kwenye makopo mengine hayamo kabisa. Kiambato cha kwanza kisipokuwa maziwa, rudisha.

4. Soya isiyotiwa sukari

Sukari chini ya gramu 1 kwa 100, na protini inakaribia ya ng'ombe. Tafuta yaliyoongezwa kalsiamu, na utikise boksi kwa sababu kalsiamu hiyo hutuama chini.

5. Lozi, kisha oti

Ya lozi yasiyotiwa sukari karibu hayana sukari, na karibu hayana protini pia. Ni maji ghali yenye harufu nzuri. Ya oti ndiyo yenye ujanja: yanaandikwa hayakuongezwa sukari, na ni kweli, lakini vimeng'enya vya kiwandani hugeuza wanga wa oti kuwa maltosi, sukari inayopanda haraka kwenye damu. Mwenye kisukari asome mstari wa sukari, asitosheke na maandishi makubwa ya mbele.

6. Ya ladha

Vanila, stroberi, chokoleti. Kipaketi cha mtoto cha mililita 250 chenye gramu 10 kwa 100 kina gramu 25, na nusu hivi ni za kuongezwa. Nunua siku ya sikukuu.

7. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari

Zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Yafaa kwa kupikia vitamu. Usimkorogee mtoto mchanga. Aliyepungukiwa na maziwa ya mama anahitaji maziwa maalumu ya watoto, na kliniki itakuelekeza. Ukiyatia kwenye chai, kijiko kikubwa kimoja kinaleta gramu 11 hivi za sukari, kwa hiyo bakuli la sukari liondoke mezani.